Zunguka Mbele

Siku nyumba ya akina Aldous ilipopita barabarani, watu wa Dolyna walitoka na vikombe vyao vya kahawa wakasimama kando ya mtaro kuitazama. Ilikuwa imepakiwa juu ya boriti za chuma, boriti juu ya magurudumu, na lori la Ekdahl, mhamisha nyumba, likiivuta kwa mwendo wa kobe. Vijana wawili walikaa juu ya paa wakiinua nyaya za umeme kwa miti mirefu ili zisinase bomba la moshi. Mapazia ya zamani yalikuwa bado yamening'inia madirishani. Orysia Bodnar hakuwa na kikombe. Alitembea kwa miguu nyuma ya nyumba ile kutoka ilipong'olewa mpaka uani kwake, kama mtu anayesindikiza jeneza la adui na anataka kuhakikisha limefukiwa.

Nyumba hiyo aliijua ndani na nje. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita alifanya kazi humo: kufua, kupiga pasi, kupika, kumimina chai. Alilala chumba kidogo cha juu chenye dirisha lisilofunguka. Bi Aldous, mwenye nyumba, hakumpiga wala hakumnyima chakula, na kama yangeishia hapo, Orysia angemsahau kama watu wanavyosahau waajiri wao. Hayakuishia hapo.

Katika nchi ile tambarare ya Saskatchewan, jirani hapiti mlango wa mbele. Mlango wa mbele ni wa padri, wa mtu wa benki, na wa maiti akitolewa. Jirani hupitia jikoni. Hugonga huku ameshaingia, huvua buti, na kabla hajaketi kahawa imeshamiminwa. Kumwambia mtu azunguke mbele ni kumwambia kwamba yeye si mtu wa hapa, na hakuna mtoto asiyelijua hilo.

Sasa basi. Mwezi wa pili wa mwaka ule, baridi ikiwa ya kupasua miti, mama yake Orysia alifariki. Baba yake, Harasym Kostiuk, alifunga farasi kwenye kijisleji chake, kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji, akaenda kwa akina Aldous kumpa binti habari. Alifika mlango wa jikoni kama jirani yeyote. Bi Aldous alikuwa na kinamama wa kanisani kwake waliokuja kunywa chai, akamwambia mzee azunguke mbele asubiri. Mzee akazunguka. Akasimama barazani, kofia mkononi, upepo wa kaskazini-magharibi ukimpiga ubavuni, mpaka kinamama walipomaliza chai, wakamaliza keki, wakamaliza umbea, wakavaa makoti yao na kuondoka. Ndipo Bi Aldous alipomwambia Orysia, "Kuna mtu mbele, nadhani ni wa kwenu."

Muda wote huo Orysia alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimimina chai na mama yake amelala maiti nyumbani. Baba alipoteza ncha ya sikio la kushoto kwa baridi. Sikio likapona. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tangu hapo Orysia aliolewa na Nestor Bodnar, mtu mpole anayelima na kuendesha basi la shule. Wakazaa binti, Lesia, kisha wavulana pacha, na wote sita pamoja na mzee Harasym wakabanana katika nyumba ya udongo ya mzee, yenye vyumba viwili. Miaka yote hiyo kitu kimoja tu kilimzuia Orysia kumfuata Bi Aldous na kumng'oa nywele: aliamini kwamba mwanamke yule hakujua mzee alikuwa amekuja na habari gani. Alikuwa na kiburi, naam, lakini hakujua. Orysia alilishika hilo maana bila hilo asingelala.

Mtoto wa Bi Aldous alipouza shamba, wanunuzi walitaka udongo tu, hawakutaka nyumba. Kijana akamweka mama yake katika nyumba ya bati ya kukokotwa, kwenye kona ya ardhi iliyobaki, kisha yeye akahamia Calgary. Kona yenyewe ilitazamana na lango la akina Bodnar. Orysia aliposikia nyumba kubwa inauzwa kwa yeyote atakayeiondoa, hakumuuliza mume wala padri. Alienda kuinunua akiwa bado amevaa aproni.

Ekdahl, aliyekuwa amehamisha nyumba za nusu ya wilaya, alifika kwenye msingi mpya na kamba yake ya kupimia akakuna kichwa.

"Mama, mlango wa mbele unataka nikuelekezee huku?"

"Hukohuko."

"Huku ni kaskazini-magharibi."

"Najua ni wapi. Nimezaliwa hapa."

"Hata ng'ombe huku anageuzia makalio, mama. Aldous mwenyewe alielekeza kaskazini kwa sababu ya barabara, akajuta mpaka anakufa." Ekdahl akamgeukia Nestor. "Bwana Bodnar, sema na mkeo."

"Mimi naendesha basi la shule tu," Nestor alijibu.

Basi nyumba ikashushwa vile alivyotaka, mlango wa mbele ukitazama moja kwa moja dirisha la nyumba ya bati, ng'ambo ya barabara. Baraza ilikuwa imekatwa ili nyumba iweze kupita barabarani, na ngazi zake ziliachwa kule zilikokuwa. Kwa hiyo mlango ulibaki hewani, kizingiti kikifika kifuani mwa mtu mzima. Milango ya namna hiyo iko mingi katika nchi ile. Watu husema ni ya kumtolea mama mkwe. Nestor aliahidi kujenga ngazi, kisha mbao zikawa rafu za jikoni, na zilizobaki pacha wakajengea kibanda cha mbwa. Akasema atajenga majira ya kuchipua.

Kuhamia kwenyewe kulikuwa ni kuvuka uwanja, hatua chache kutoka nyumba ya udongo, na watu hudhani safari fupi ni rahisi. Hakuna aliyefunga mizigo. Kila kitu kilibebwa jinsi kilivyo: droo zikiwa na vijiko ndani, sufuria ikiwa na supu ya bitiruti, picha takatifu ikiwa imevishwa kitambaa chake cha kutarizi. Wiki nzima hakuna aliyejua kitu kiko nyumba gani. Pacha waliamka asubuhi wakakimbilia nyumba ya udongo kutafuta soksi, wakazikosa, wakarudi na buti moja. Lesia, aliyepata chumba chake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, aliweka kiti nyuma ya mlango na hakutoka ila kula. Plasta ilipasuka kila kona kwa kutikiswa njiani. Milango iliyokuwa ikifunga kwa Bi Aldous ikakataa kufunga kwa Orysia. Bomba la maji ya moto lilitoa maji baridi, na la baridi halikutoa kitu. Nestor aliondoka kabla ya mapambazuko kuwasha basi, akarudi, akaingia chini ya sakafu na spana, akatoka kwenda kwenye basi tena akiwa na utando wa buibui kichwani, watoto wa shule wakamcheka. Orysia mwenyewe alipika shuleni mchana na nyumbani jioni, na katikati alipaka rangi.

Mwanzo alipaka chumba kimoja tu. Kilikuwa kile cha mbele, sebule ya zamani, walimonywea chai kinamama. Alikipaka rangi ya maziwa, akaweka kitanda kipya, akaning'iniza picha ya harusi ya wazazi wake pale palipokuwa na saa ya akina Aldous. Kilikuwa chumba cha baba yake. Alitaka mzee Harasym alale humo, aamke humo, ateme mate humo akipenda. Na si hivyo tu. Kila majira ya baridi kifua kilimbana mzee, na bomba la jiko lake kule kwenye nyumba ya udongo lilivuja moshi. Daktari wa mjini alisema akilala tena kule mpaka mwezi wa pili, hataamka. Orysia alikuwa amemzika mama yake mwezi wa pili. Hakuwa na nia ya kurudia.

Mzee akakataa kuhama.

"Baba, chumba kiko tayari."

"Nimesikia. Nitaingilia wapi?"

"Jikoni, kama watu wote."

"Mimi katika nyumba ile niliambiwa nizunguke mbele," mzee alisema akichonga kijiti chake. "Sijaambiwa vingine mpaka leo."

"Nyumba ni yangu sasa. Mimi ndiye ninayekwambia upite jikoni."

"Wewe siye uliyeniambia nizunguke."

"Baba, acha utani. Theluji hiyo inakuja."

"Nimeshaiona theluji. Tunafahamiana." Akajigusa sikio, akacheka mpaka akakohoa.

Orysia alitoka amefura. Kwake yeye maana ilikuwa moja: mzee alikuwa anadai heshima yake. Anataka alipwe kwanza. Vizuri, atalipwa. Na kila alipopita dirishani akaona taa ndogo ya Bi Aldous ng'ambo ya barabara, aliikaza nia yake zaidi. Alikuwa akiufungua ule mlango wa mbele kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, bila sababu yoyote, akasimama kizingitini na aproni yake ili aonekane. Upepo uliingia ukapeperusha kalenda. Watoto walipiga kelele kutoka jikoni kwamba wanaganda.

Tena, chumba kizuri cha mzee ndicho kilichopata upepo wote. Hewa ilipenya tundu la ufunguo ikapiga mluzi. Wifi yake Dokia, dada yake Nestor, mwanamke mwenye ulimi kama kisu cha samaki, alikuja kuona nyumba, akaingia humo, akatoka anasugua mikono.

"Umemjengea baba yako friji, wifi."

"Nitaweka pazia."

"Weka ng'ombe mzima. Hivi ulimkomoa nani hapa, Bi Aldous au baba yako?"

"Wewe umekuja kunisaidia au kunisimanga?"

"Yote mawili. Kahawa iko wapi?"

Orysia akaning'iniza blanketi la farasi mlangoni na hakulizungumzia tena suala hilo.

Theluji ya kwanza ilianguka, ikayeyuka, ikaganda, ikaanguka nyingine juu yake. Kanisa lilikuwa na chakula cha jioni cha kuchangia paa jipya, na kwa kuwa sasa Orysia ndiye mwenye jiko kubwa kuliko wote Dolyna, kinamama wa parokia walikubaliana kukutana kwake Jumamosi kutengeneza pyrohy, zile bahasha ndogo za unga zinazojazwa viazi na jibini. Walikuja wengi. Buti zilijaa mlangoni hata ikabidi wazirundike. Wengine walisukuma unga, wengine walikata duara kwa bilauri, wengine walijaza na kubana kingo. Dokia alisimamia sufuria inayochemka. Walikuwa wakimsema padri kwa mapenzi makubwa.

Katikati ya hayo, Lesia aliyekuwa dirishani akasema, "Mama, yule bibi wa bati anakuja."

Wote wakatazama. Bi Aldous alikuwa akipita katika theluji kwa hatua za mzee anayeogopa kuvunjika nyonga, koti lake la sufu jeusi limefungwa hadi kidevuni, mikononi ana trei iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa amejikunja sana tangu siku zake za keki. Alizunguka upande wa nyumba bila kutazama ule mlango uliokuwa hewani, akaja jikoni moja kwa moja. Aliijua njia kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Dokia alisema. "Na hakuja mikono mitupu."

Bi Aldous akagonga, na kama ilivyo desturi, akashika kitasa papo hapo. Orysia alishakuwa mlangoni. Aliufungua upana wa uso wake tu. Nyuma yake kulikuwa na joto, mvuke, harufu ya vitunguu vikikaangwa kwa siagi, na wanawake waliosimama na unga mikononi.

"Nimeona niwakaribishe," Bi Aldous alisema. "Ni mikate ya mdalasini. Nilikuwa nikiioka katika jiko hilihili."

Orysia alikuwa ameyatunza maneno yale tangu usichana wake, na alipoyatoa yalitoka laini.

"Nina wageni, Bi Aldous. Zunguka mbele usubiri."

Akafunga mlango.

Nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Alirudi mezani, akachukua duara la unga, akalijaza, akabana kingo. Moyoni alihisi utamu ambao hakuwahi kuuhisi, hata siku ya harusi yake, na lazima niseme hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe alisema hivyo baadaye.

"Mama," Lesia alinong'ona, "kule mbele hakuna ngazi."

"Najua."

"Na kuna upepo."

"Najua upepo uliko, Lesia. Ndiyo maana nikaielekeza nyumba huko. Kata unga."

"Amezeeka, wifi," Dokia alisema, na safari hii hakuwa anatania.

"Baba yangu hakuwa kijana." Orysia akainua uso akawatazama mmoja mmoja. "Mnaijua habari ile nyote. Hakuna hata mmoja kati yenu asiyeijua. Basi atasimama mpaka unga huu uishe, kama alivyosimama baba yangu mpaka keki ikaisha. Halafu nitamfungulia na kumwambia kuna mtu wa kwao huku."

Walifanya kazi haraka isivyo kawaida, kila mmoja akijaribu kuumaliza unga bila kuonekana anauharakisha. Orysia ndiye peke yake aliyefanya polepole. Lakini kisasi ni kama chungu jikoni, mtu hawezi kukiacha bila kukichungulia. Mwisho akafuta mikono, akaenda chumba cha mbele, akasukuma blanketi la farasi, akaufungua mlango ili amwone adui yake akiwa chini, akimtazama juu.

Hakukuwa na mtu. Upepo ulimvaa usoni. Chini ya kizingiti theluji ilikuwa imekanyagwa pale mwanamke yule aliposimama, na kando yake kulikuwa na alama za miguu mingine, mikubwa, zilizokuja kutoka nyumba ya udongo. Zilirudi huko zote pamoja, kubwa na ndogo.

Orysia alivaa buti za Nestor akavuka uwanja bila koti. Nyumba ya udongo ina mlango mmoja tu. Akaufungua. Mzee Harasym alikuwa ameketi mezani, na mbele yake, kwenye kiti alichokalia marehemu mama yake Orysia, alikuwa Bi Aldous, miguu yake karibu na jiko, birika kati yao, trei ya mikate imefunuliwa. Mzee alikuwa ameshakula mmoja. Sukari ilikuwa kwenye masharubu yake.

"Baba, mtoe."

"Funga mlango, joto linatoka."

"Baba, huyu ndiye..."

"Namjua ni nani. Nilisimama barazani kwake wewe ukiwa hujui." Mzee hakupaza sauti. "Tuko katikati ya mazungumzo."

"Mazungumzo gani? Mimi nimehangaika na nyumba nzima kwa ajili yako. Nimeikokota barabarani! Nimemweka pale alipokuweka wewe, halafu wewe unamnywesha chai?"

"Nani alikutuma?"

Orysia akausukuma mlango nyuma yake kwa kisigino.

"Sikio ni langu," mzee alisema. "Baridi ilikula la kwangu, si lako. Na kama kuna deni ni langu, nitalidai ninavyojua mimi. Sasa nina mgeni, Orysia. Zunguka mbele usubiri."

"Nyumba hii haina mbele, Baba."

"Basi subiri nje."

Akatoka. Labda kama baba angepiga kelele asingetoka, lakini alisema kwa upole, na alikuwa bado binti yake. Alisimama uwanjani kati ya nyumba mbili bila koti, na kwenye dirisha la jikoni kwake kinamama wa parokia walikuwa wamejipanga wakimtazama. Kurudi kwao na uso ule hakuweza. Kugonga tena kwa baba hakuweza. Upepo ulimwingia kwenye mikono ya gauni. Alianza kwa hasira, na hasira ilimpa joto kwa muda, kisha joto lake likaisha ikabaki hasira peke yake. Masikio yakamuuma, halafu yakaacha kuuma, na alijua hiyo si dalili nzuri. Alimlaani Bi Aldous. Alimlaani Ekdahl na kamba yake. Alijaribu kumlaani baba yake akashindwa.

Mlango ukafunguliwa. Mzee alitoka akiwa amemshika Bi Aldous kiwiko kwa sababu ya barafu ya kizingitini.

"Bi Aldous," mzee alisema kwa sauti ya kusikika, "mwambie binti yangu ulichoniambia."

Bi Aldous alikuwa mwekundu macho. Alinyoosha shingo. "Nimemwambia Bwana Kostiuk kwamba anaweza kupita jikoni."

"Wakati wowote?"

"Wakati wowote."

"Bila kuzunguka?"

"Bila kuzunguka, Bwana Kostiuk."

"Asante." Mzee akamgeukia Orysia. "Mwenyewe ameniruhusu. Sasa mvushe barabara, amechoka. Mfikishe salama, nami naanza kufunga godoro."

Orysia akamtazama baba yake na kifua chake kinachokoroma, akatazama bomba la jiko linalovuja, akafahamu anauziwa nini na kwa bei gani. Akakishika kile kiwiko. Kilikuwa chembamba ndani ya koti, mfupa mtupu.

Walikwenda polepole mpaka kwenye mtaro wa barabara, ambako maji yalikuwa yameganda na theluji kidogo juu yake, mahali ambapo hata vijana huanguka. Hapo Bi Aldous alisimama.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Alinieleza palepale mlango wa jikoni. Kwa Kiingereza chake kile. Alisema, 'Mke amekufa, nataka mtoto.' Nilimwelewa vizuri tu."

Orysia alisikia damu ikimpanda mpaka kwenye masikio yale yaliyokufa ganzi.

"Ulijua. Ukamwambia azunguke."

"Keki ilikuwa haijakatwa," Bi Aldous alisema. Hakuwa anajitetea, alikuwa anasema ilivyokuwa. "Na wewe ndiye uliyekuwa unakata."

Kiwiko kilikuwa mkononi mwa Orysia. Barafu ilikuwa chini yao. Hakuhitaji kusukuma. Alihitaji kufungua vidole tu, na nyonga ile ingefanya kazi yenyewe, na hakuna mtu Dolyna ambaye angesema ni kitu kingine zaidi ya barafu. Alifikiri hivyo kwa utulivu kabisa. Alijiona mdogo, kisu mkononi, akigawa vipande sawasawa kwenye sahani za maua, na kinamama wakimsifu kwamba msichana ana mkono mzuri.

Hakufungua vidole. Asije mtu akasema ni huruma, maana haikuwepo. Alimvusha hatua kwa hatua, akampandisha ngazi ya bati, akamfungulia mlango wake, akamketisha kwenye kiti kilichokuwa dirishani. Akaliona dirisha hilo kutoka ndani kwa mara ya kwanza. Mlango wake mwenyewe ulionekana wote, mkubwa, umefungwa, umening'inia hewani bila ngazi.

"Uishi miaka mingi, Bi Aldous," Orysia alisema. "Miaka mingi sana. Na kila asubuhi nitakapoufungua ule mlango, nataka nikukute hapo hapo."

Akavuka kurudi.

Aliingia jikoni kwake kwa kuukanyaga mlima wa buti. Mzee Harasym alikuwa ameshafika. Ameketi mwisho wa meza, godoro lake limesimamishwa ukutani kando ya rafu, mto umo mapajani, na Dokia alikuwa akimpakulia pyrohy na vitunguu kana kwamba ametoka vitani. Kinamama walikuwa wakicheka kwa kitu alichosema, wakaacha kucheka walipomwona Orysia.

"Umemwacha mzima?" mzee akauliza.

"Mzima."

"Amekwambia?"

"Ameniambia." Orysia akashika ukingo wa meza. "Na wewe ulijua siku zote kwamba alijua. Ulimweleza kwa mdomo wako. Miaka yote hii umeniacha niamini alikuwa mjinga tu. Kwa nini hukuniambia, Baba?"

Mzee alitafuna, akameza, akafuta masharubu kwa kiganja. Alitazama dari, ukuta uliopasuka, jiko kubwa linalonguruma, pacha waliokuwa wakipigana chini ya meza.

"Ningekwambia wakati ule," alisema, "ungeichoma hii nyumba. Leo tungelala wapi?"